Kujifunza manyuali kwenye mji wa vilima: gari gani, na njia gani ya kuondoka mlimani?

Taa imewaka nyekundu ukiwa katikati ya mlima. Mbele yako kuna lori, nyuma yako kuna gari dogo ambalo dereva wake amesogea mpaka huoni taa zake kwenye kioo. Mguu wa kulia uko kwenye breki, wa kushoto umekandamiza klachi mpaka chini. Taa itawaka kijani sasa hivi, na mguu wa kulia itabidi uhame kutoka kwenye breki uende kwenye mafuta. Safari hiyo fupi ya mguu, sekunde moja tu, ndiyo inayowatoa jasho watu waliofanya vizuri kabisa uwanjani.

Mimi nilijifunza wiki nzima kwenye uwanja wa tambarare nikajiona nimeiva. Siku ya kwanza mlimani nilizimisha gari mara saba mbele ya taa ileile. Mwalimu alikaa kimya mpaka nilipomaliza kuilaumu klachi, kisha akasema, "Mwanangu, gari limekuambia mara saba. Wewe unaangalia taa."

Ushauri mwingi huanza na swali la manyuali au otomatiki. Kwa mtu wa mji wa vilima naona swali hilo linaulizwa mapema mno. Kuna moja linalotangulia: katika sekunde ile, nani atalishika gari? Mkono wako, mguu wako, au kompyuta? Ukishaamua hilo, kuchagua gari la kujifunzia, barabara ya mazoezi na hata mwalimu hakukupi shida tena. Kwa hiyo ulinganisho wote huu nitaupima kwa sekunde hiyo.

Mlima una uzito gani

Kila mtu akisema "mlima mkali" ana mlima wake kichwani. Wahandisi wa barabara hutumia asilimia: mlima wa asilimia 10 maana yake, kwa kila mita 10 unazosogea mbele, umepanda mita 1. Ukiutazama hautishi, ni nyuzi zisizofika 6. Lakini gari la kilo 1,200 likisimama hapo linavutwa nyuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 120 hivi. Likiachiwa bila chochote cha kulishika, katika sekunde ya kwanza litarudi kama sentimita 40. Mwisho wa sekunde ya pili litakuwa limerudi zaidi ya mita moja na nusu, na mwisho wa ya tatu linakaribia mita nne.

Hesabu hiyo inafariji na kutisha kwa pamoja. Ukichelewa sekunde moja, umerudi urefu wa hatua ndogo. Gari la nyuma lililoacha nafasi ya kawaida halijaguswa. Ukichelewa mbili ukiwa bado unashangaa, unagonga. Kwenye asilimia 20 mambo huenda mara mbili: karibu mita nzima sekunde ya kwanza, mita tatu na nusu ikiisha ya pili.

Kama kipimo tu: Baldwin Street ya Dunedin, New Zealand, inayotambuliwa kuwa barabara ya makazi yenye mwinuko mkali kuliko zote duniani, ina karibu asilimia 35. Filbert Street ya San Francisco ina kipande cha asilimia 31 na nusu. Huenda mji wako hauna kitu kama hicho, lakini usijidanganye. Njia ya kutokea kwenye maegesho ya chini ya jengo inaweza kufika asilimia 15 au zaidi, na kule juu huwa kuna kizuizi kinachokulazimisha usimame palepale pabaya.

Otomatiki kwanza, au manyuali tangu siku ya kwanza?

Otomatiki ya kawaida hupeleka nguvu ya injini kwenye gia kwa njia ya mafuta yanayozungushwa, kwa hiyo ukiachia breki gari linatambaa lenyewe. Kwenye mwinuko wa wastani mtambao huo unatosha kulishika au kulipunguzia kasi ya kurudi wakati mguu unahama. Ndiyo raha yake, na si jambo la jana: Oldsmobile walianza kuuza magari yenye gia ya Hydra-Matic, otomatiki kamili ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, kwa toleo la mwaka 1940.

Faida ya kuanzia hapo ni ya kweli. Mwanafunzi wa udereva ana kazi nyingi kwa pamoja: vioo, watembea kwa miguu, pikipiki zinazochomoka ubavuni, alama za barabarani. Otomatiki inampunguzia klachi na gia, akili yote inabaki barabarani. Nimeona watu waliokuwa wakitetemeka kwenye manyuali wakitulia ndani ya siku mbili za otomatiki.

Sasa gharama yake. Kwanza ni leseni. Uingereza, ukifanya mtihani kwa gari la otomatiki, leseni yako haikuruhusu kuendesha manyuali mpaka ufanye mtihani mwingine. Nchi za Umoja wa Ulaya huandika namba 78 kwenye leseni kumaanisha zuio hilohilo. Ujerumani walipata njia ya katikati tangu Aprili 2021: unaweza kufanya mtihani kwa otomatiki bila kufungiwa manyuali, ilimradi umefanya angalau masomo 10 ya manyuali na mwalimu wako amekupima kwa dakika 15. Kabla hujalipia somo la kwanza, ujue sheria ya unakoishi inasemaje.

Pili ni mguu wa kushoto. Kwenye otomatiki unalala. Ukija kuuamsha baada ya mwaka, unaanza upya, tena ukiwa tayari na mazoea ya kuachia breki bila kufikiri. Mwanafunzi mbichi huogopa mlima. Aliyetoka kwenye otomatiki hauogopi, na hilo ndilo linalomfanya arudi nyuma mita mbili huku bado anasubiri gari litambae.

Halafu si kila gari lisilo na pedali ya klachi lina mtambao ule. Yapo ambayo ndani yana klachi kavu moja au mbili zinazoendeshwa na kompyuta. Mengine hutambaa kidogo sana, na ukiyashikilia mlimani kwa kukanyaga mafuta kidogokidogo badala ya breki, klachi zile hupata joto na taa ya onyo inawaka kwenye dashibodi. Kwa mji wa vilima, mtu akikuambia "ni otomatiki", muulize ni otomatiki ya aina gani.

Uamuzi wangu: kama kinachokutisha ni barabara yenyewe, na sheria ya kwenu haikufungii, anza na otomatiki bila aibu. Kama kinachokutisha ni mlima peke yake na gari utakaloishia kuliendesha ni manyuali, anza na manyuali. Saa kumi utakazotumia kuukwepa mlima hazitaufanya upungue hata nyuzi moja.

Breki ya mkono ya leva, au ya kitufe?

Hapa ndipo ningependa uchelewe kidogo, maana wengi huchagua gari la kujifunzia kwa rangi na umri wake, na hawaulizi breki yake ya mkono ikoje.

Hofu ya kuserereka ni ya zamani kama magari yenyewe. Mwaka 1936 Studebaker walileta kifaa walichokiita Hill Holder, yaani kishika-mlima: ukisimama kwenye mwinuko ukiwa umekanyaga klachi na breki, unaweza kuondoa mguu kwenye breki na gari likabaki pale mpaka uinue klachi. Magari mengi ya sasa yanafanya jambo lilelile kwa kompyuta. Ukiondoa mguu kwenye breki, mfumo unaendelea kuibana, kwa kawaida kama sekunde mbili hivi, kisha unaachia.

Sekunde mbili ni nyingi kwa anayejua anachofanya. Kwa anayejifunza zina kasoro moja ambayo muuzaji hatakuambia: haziachi alama mwilini. Unaondoka vizuri mlima wa kwanza, wa pili, wa kumi, ukidhani ni mguu wako, kumbe ni kompyuta. Siku unapoazimwa gari la shemeji lisilo na kitu hicho, unagundua ukiwa katikati ya mlima. Mfumo wenyewe pia una masharti yake. Kwenye mwinuko mdogo hauamki, na kwenye baadhi ya magari hauamki kama hukukanyaga breki sawasawa au gari lilikuwa bado halijasimama kabisa.

Breki ya kitufe nayo ina akili yake. Kwenye manyuali nyingi inajiachia yenyewe ikihisi klachi imekamata na mafuta yameongezwa, na mara nyingi inadai uwe umefunga mkanda. Ikizoeleka ni tamu. Tatizo ni kwamba iko juu au iko chini, basi. Hakuna nusu.

Leva ina nusu. Unaweza kuishusha meno mawili ukasikiliza gari linavyopumua, ukaipandisha tena. Mkono wako unapata habari ambayo kitufe hakiitoi. Na kuna jambo la usalama ambalo kwangu linamaliza ubishi: leva iko katikati ya viti viwili. Ndugu aliyekaa pembeni yako, asiye na pedali yoyote upande wake, anaweza kuivuta.

Kwa kujifunzia mlimani, chukua leva. Kwa kuishi nalo miaka kumi baadaye, chukua hata la kitufe lenye kishika-mlima, sitakulaumu. Ukiwa na la pili tayari, soma kitabu cha gari uone kama kishika-mlima kinaweza kuzimwa. Kwenye magari mengine kinazimika, na masomo matano bila hicho yatakufaa kuliko ishirini nacho.

Injini nayo ina la kusema, ila kwa kifupi. Dizeli ina nguvu chini kabisa kwenye mizunguko midogo, kwa hiyo ukiinua klachi taratibu bila hata kugusa mafuta, mara nyingi italishika gari kwenye mwinuko wa wastani bila kuzimika. Inasamehe. Petroli ya kawaida inadai uongeze mafuta kwanza, na kwa sababu hiyo inafundisha vizuri zaidi. Ngumu kuliko zote kwa mwanafunzi naona ni petroli ndogo yenye tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi: chini ya mizunguko fulani ni kama imelala, halafu inaamka yote kwa pamoja, gari linaruka kama mbuzi.

Njia tatu za kuondoka

Ya kwanza ni ya breki ya mkono, na ndiyo nitakayoieleza kwa urefu.

Gari limesimama, leva iko juu, gia namba moja imeingia, klachi iko chini. Ongeza mafuta mpaka injini ingurume juu kidogo ya kawaida, kwa petroli kama mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, na mguu wa kulia ukae hapohapo. Sasa inua klachi polepole. Kitu cha kwanza kubadilika ni sauti: inashuka, inakuwa nzito, kama mtu aliyetwishwa gunia huku akiendelea kuongea. Mshale wa mizunguko unashuka kidogo. Pua ya gari inainuka kwa upana wa kidole, na mtetemo mdogo unapita kwenye kiti. Hapo klachi imekamata. Hilo ndilo jambo ambalo gari lilikuwa likiniambia mara zile saba.

Usiwe na haraka. Mguu wa kushoto usimame kama umegandishwa: usiinue zaidi, usirudishe. Bonyeza kitufe cha leva, ushushe breki. Gari likitulia pale au likaanza kutambaa mbele, umefaulu. Ongeza mafuta na umalizie kuinua klachi. Likirudi nyuma, usipapatike kutafuta breki ya mguu. Vuta leva tena, inua klachi nukta moja zaidi, jaribu upya. Unaweza kurudia hivyo mara tatu na gari la nyuma lisijue kitu.

Likizimika, uliinua klachi haraka au mafuta yalikuwa machache. Likiondoka zito kama linaburuta gogo, umesahau leva juu. Ukikumbuka hayo mawili, utajua la kurekebisha bila kuambiwa.

Ya pili ni kubalansi klachi kutoka kwenye breki ya mguu. Mguu wa kulia ukiwa bado kwenye breki, unainua klachi mpaka sauti ishuke, unashikilia, ndipo mguu wa kulia unahamia kwenye mafuta. Inafaa sana kwenye foleni, maana huna haja ya kushika leva kila mita tano. Kwa dizeli ni nyepesi. Kwa petroli ina mtego: klachi inakamata huku injini haijaongezwa mafuta, ukizidisha kidogo tu inazimika. Wenye umri mkubwa wa udereva wengi wanatumia hii na wanaidharau ya leva. Wasikilize kwa adabu, endelea na leva mpaka masikio yako yazoee ile sauti, kisha uhamie hii.

Ya tatu ni ya kuruka: unaondoa mguu kwenye breki, unakanyaga mafuta na kuinua klachi kwa mkupuo mmoja. Kwenye mwinuko mdogo inapita, gari linarudi sentimita chache. Kwenye asilimia 20 inataka mguu wa mtu aliyeizoea klachi ya gari hilo kwa miezi. Nimeitaja kwa sababu utamwona mtu akiifanya huku anaongea na simu ya spika, utadhani ni rahisi.

Ipo pia ya nne, ambayo siiiti njia. Dereva amesimama kwenye taa, hajakanyaga breki yoyote. Anaongeza mafuta kidogo, anainua klachi kidogo, gari linaelea pale mlimani likiyumba mbele na nyuma kama mtumbwi uliofungwa gatini. Anaonekana fundi. Chini yake pleti ya klachi inasuguana mfululizo na flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, na joto lote la kuzuia zile kilo 120 linaishia hapo. Baada ya muda utasikia harufu kali, ya kitu kama karatasi iliyochanganywa na mpira ulioungua. Ukiisikia kwenye gari lako, vuta breki ya mkono, weka frii (toa gia), ondoa mguu kwenye klachi, ulipe gari dakika kadhaa lipoe. Mafundi huwapenda sana madereva wa namna hii.

Kwenye foleni ya mlimani kuna ujanja mwingine usiohusu miguu. Waache walioko mbele wasogee kwanza. Nafasi ya gari mbili ikifunguka, ondoka mara moja, uijaze. Anayefuata kila mita moja inayofunguka anaondoka mara kumi kwa safari ileile, na kila kuondoka ni msuguano. Watakupigia honi. Klachi ni yako, honi ni yao.

Uwanjani kwanza, au mlimani moja kwa moja?

Uwanjani kwanza, lakini muda mfupi kuliko wanavyokuambia. Zoezi moja linatosha kukupeleka mlimani: kwenye tambarare, bila kugusa mafuta kabisa, inua klachi kidogokidogo mpaka gari litambae, kisha lisimamishe, rudia. Likitambaa mara ishirini mfululizo bila kuzimika, mguu wako wa kushoto umeshajua klachi inakamata wapi. Kukaa uwanjani wiki tatu zaidi kunakufundisha kona za uwanja tu.

Mlima wa kwanza uwe mpana, wenye asilimia 5 hivi, alfajiri, bila gari nyuma. Baada yake tafuta wa 10. Mwendeleo huo una maana kuliko idadi ya masomo, kwa sababu klachi inakamata palepale kwenye kila mlima. Kinachobadilika ni mafuta kiasi gani uyatangulize.

Kushuka

Kila mtu anaogopa kupanda. Binafsi naogopa zaidi kumwona mgeni wa vilima akishuka.

Hapa manyuali inaishinda otomatiki waziwazi, si kwa sababu otomatiki haiwezi, bali kwa sababu manyuali inakulazimisha ufikirie. Kabla ya kuanza kushuka unaingiza gia nzito, ya pili au hata ya kwanza kwenye mteremko mkali, unaondoa mguu kwenye mafuta, na injini inalizuia gari. Breki unazigusa mara mojamoja tu. Kanuni ya zamani ni kwamba shuka kwa gia ambayo ungepandia. Otomatiki nayo ina nafasi za kufanya hivyo, zimeandikwa L, 2 au B, au ina alama ya kutoa na kujumlisha, lakini wangapi wamewahi kuzitumia? Wanashuka na D, mguu kwenye breki mwanzo mpaka mwisho. Breki zinapata joto, na zikizidiwa, pedali inazama au inakuwa ngumu bila kuzuia chochote.

Kuna kosa la manyuali linalozidi hilo, nalo ni kuweka frii ili "kubana mafuta". Kwenye injini za sasa zenye kompyuta hesabu imegeuka. Ukishuka ukiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta, kompyuta inakata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka frii, injini inabidi ilishwe mafuta ili isizimike. Kwa hiyo unatumia zaidi, na umejinyima breki ya injini.

Kuegesha

Breki ya mkono peke yake haitoshi. Ukilegeza breki ya mguu na gari bado liko frii, uzito wote umeachiwa waya mmoja, na kwenye baadhi ya magari breki zilizosimamishwa zikiwa moto hulegea zikipoa. Kwenye manyuali ongeza gia: ukielekea juu weka namba moja, ukielekea chini weka rivasi. Otomatiki ina P, ambayo ni kipande cha chuma kinachoingia kwenye meno ya gia. Vuta handibreki kwanza uachie breki ya mguu gari likae juu ya handibreki, ndipo uweke P, la sivyo kipande hicho kitabeba gari zima na kesho kitang'ang'ania kutoka.

Halafu geuza magurudumu. Ukielekea chini, yaelekee ukingo, yaani ile kingo iliyoinuka kando ya barabara. Ukielekea juu penye ukingo, yaelekee barabarani, ili gari likirudi lijikwamishe kwenye ukingo. Pasipo na ukingo, yaelekee nje ya barabara pande zote mbili. San Francisco hili ni sheria kwenye mwinuko wowote unaozidi asilimia 3, na dereva asiyegeuza magurudumu hulipishwa faini.

Mwalimu au ndugu?

Kwa mlima, masomo ya mwanzo yawe kwa mwalimu mwenye pedali zake za breki na klachi upande wake. Sababu si maarifa. Ndugu yako anaweza kuwa dereva bora kuliko huyo mwalimu, ila gari likianza kurudi kitu pekee alicho nacho ni sauti, na wewe ukipigiwa kelele wakati huo utakanyaga pedali iliyo karibu. Ndugu aje baadaye, kwa ajili ya saa nyingi za mazoezi, na awe mtu anayejua kunyamaza. Ndiyo maana nilisisitiza leva.

Kabla hujalikubali gari

Iwe unanunua, unaazima au unachaguliwa na chuo, gari la kujifunzia mlimani lijaribu kwa mambo mawili, ukiwa na mtu anayejua kuendesha. Mpeleke kwenye mlima mkali kuliko wote utakaopita kila siku. Asimame, aweke frii, avute breki ya mkono, kisha aachie breki ya mguu taratibu akiwa tayari kuirudia. Gari likiserereka, au leva ikipanda karibu kusimama wima ndipo lishike, waya umelegea au breki za nyuma zimekwisha. Hilo linarekebishika, lakini lirekebishwe kabla wewe hujakaa kwenye usukani.

La pili: barabara ikiwa tupu na inapanda kidogo, aingize gia ya nne kwa mwendo wa wastani, akanyage mafuta yote kwa ghafla. Mshale wa mizunguko na mwendo vinapaswa kupanda kwa pamoja. Mshale ukiruka juu huku gari likibaki na mwendo uleule, klachi inateleza, na hakuna mwanafunzi atakayeisikia ikikamata. Mrudishie mwenyewe ufunguo.